Geji ya petroli inadanganya: namna ya kusaka hitilafu kwenye gari la zamani

Mshale wa petroli ukilala kwenye gari la zamani, jibu la kwanza utakalopewa gereji mara nyingi ni hili: "Mzee, geji imekufa, tafuta nyingine." Basi unazunguka Nakuru yote, unapiga simu Kisumu, unapata geji iliyong'olewa kwenye gari lililokuwa limeota nyasi, unaifunga, na mshale unalala palepale ulipolala ule wa kwanza. Geji ndiyo mshukiwa wa mwisho. Inakaa ndani ya dashibodi, haipigwi na maji wala tope. Anayeteseka ni senda, kile kifaa kinachoishi ndani ya tangi, pamoja na waya unaopita chini ya gari na mahali tangi linapogusana na bodi.

Maelezo haya ni ya magari ya kabla ya kompyuta: Land Rover Series, Peugeot 404 na 504, Datsun na Corolla za miaka ya 1970, Volkswagen Beetle na ndugu zao. Umeme unatoka kwenye fyuzi, unapita ndani ya geji, unashuka kwa waya mmoja hadi kwenye senda, kisha unarudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Hiyo njia ya kurudi ndiyo erthi. Ndani ya senda mna boya linaloelea juu ya petroli. Mkono wa boya unasogeza kidole cha chuma juu ya waya mwembamba uliosokotwa. Petroli ikishuka kidole kinahama, ukinzani wa umeme unabadilika, na geji inasoma badiliko hilo.

Kama una Beetle, angalia mwaka wake kwanza. Zile za kabla ya modeli ya 1962 hazikuwa na geji kabisa, zilikuwa na koki ya akiba miguuni mwa dereva. Zilizofuata zilikuwa na geji ya kuvutwa kwa kebo, na za umeme zilianza na modeli ya 1968. Nimeona mtu akitafuta fyuzi ya geji ambayo haijawahi kutumia umeme.

Kabla ya kushika waya

Tangi lililo karibu kuisha ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Fanya kazi nje, mbali na jiko, mbali na anayechomelea, na mwenye sigara aende akavutie ng'ambo ya barabara. Jaribio lolote la kugusisha waya karibu na tangi lifanyike hivi: swichi ya gari izimwe, waya ufungwe imara, halafu ndipo swichi iwashwe. Ukigusisha wakati umeme upo, cheche inaruka hapo hapo ulipoinama. Ukifika hatua ya kufungua senda, ondoa waya wa betri.

Jua geji yako ni ya aina gani

Washa swichi bila kupiga staata, utazame mshale. Ukipanda polepole kama mtu anayepanda Nyang'ori na gunia la mahindi kichwani, hiyo ni geji ya joto. Ndani yake mna ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya. Waya ukipata umeme unapasha ukanda, ukanda unapinda, mshale unasogea. Ukizima swichi, unarudi kwa upole uleule. Ukiona mshale umeruka mara moja hadi mahali pake, hiyo ni geji ya sumaku, yenye koili mbili zinazovutana.

Tofauti hii ina maana kwa sababu aina hizi mbili hujibu majaribio kinyume. Kwenye geji ya joto, ukikata waya wa senda mshale unashuka kwenye tupu, na ukiugusisha kwenye bodi unapanda hadi kujaa. Kwenye nyingi za sumaku ni kinyume: kukata kunaupeleka kwenye kujaa, kugusisha kunaurudisha kwenye tupu. Ndiyo sababu watu wawili wanaweza kubishana kutwa nzima kuhusu dalili moja na wote wakawa wamesema kweli, kila mmoja juu ya gari lake.

Geji za joto, hasa za Uingereza kuanzia katikati ya miaka ya 1960, zina mwenzao aitwaye stabilaiza, kijidude cha bati nyuma ya dashibodi. Tutarudi kwake, maana ndiye mwenye vituko vikubwa.

Jaribio moja linalogawa gari katikati

Tafuta senda. Kwenye Land Rover Series fupi tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele cha kulia: inua mto, ondoa bati, umefika. Kwenye Beetle iko juu ya tangi chini ya boneti ya mbele. Kwenye pikapu nyingi za Datsun itabidi ulale chini, na wakati mwingine ushushe tangi zima, kwa hiyo fanya majaribio yote ya nje kabla ya kukata shauri hilo.

Chomoa waya wa senda. Kama nyaya ni mbili, mmoja huwa wa taa ya onyo au wa erthi, basi fuata rangi usije ukashika usio wake. Washa swichi, ungoje nusu dakika, utazame mshale ulipokwenda. Zima. Funga ule waya kwenye chuma kisafi cha bodi, washa tena, utazame. Kwa geji ya joto usiache hivyo kwa muda mrefu. Mshale ukifika kwenye F (alama ya kujaa) zima, kwa sababu umeondoa ukinzani wote wa senda na waya wa ndani unapata moto kupita kiasi.

Mshale ukienda upande mmoja kwa kukata na upande wa pili kwa kugusisha, geji yako ni nzima, waya ni mzima, fyuzi ni nzima. Umebaki na senda na erthi yake tu. Ukikataa kwenda popote, tatizo liko mbele: umeme haufiki kwenye geji, au waya umekatika njiani, au geji kweli imekufa. Kutofautisha hayo, rudia kugusisha ukiwa nyuma ya dashibodi, kwenye nati ya geji inakotoka waya wa senda. Ukiamka hapo lakini haukuamka kule nyuma, waya umekatika katikati.

Mshale umelala kwenye tupu

Anza na visivyo na gharama. Kwenye magari mengi fyuzi ya geji hulisha pia indiketa, waipa au taa za breki. Hivyo vikiwa vimekufa pamoja na geji, una fyuzi iliyoungua au iliyoota ukungu miguuni. Fyuzi za zamani za bomba huonekana nzima kwa macho huku ncha zake zimeshika kutu ya kijani. Zitoe, zisugue, zirudishe. Karibu na ziwa Kisumu, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, hili lina uzito zaidi kuliko Molo au Njoro, ingawa Njoro nayo ina vumbi lake.

Fyuzi ikiwa salama na geji ni ya joto, njoo kwenye erthi ya tangi. Hapa ndipo ninapoweka pesa yangu kila mara gari likiwa limetoka kupakwa rangi. Mtu amepiga mswaki chesisi, amepaka rangi ya mafuta, amepaka lami chini kuzuia kutu, kila kitu kinang'aa, na tangi limekaa juu ya rangi na mipira bila chuma kugusa chuma. Umeme umekosa njia ya kurudi. Chukua waya mrefu, ufunge upande mmoja kwenye mwili wa senda na wa pili kwenye chuma tupu cha chesisi au moja kwa moja kwenye ncha ya betri ya upande wa erthi. Mshale ukiinuka, umemaliza. Kwangua rangi chini ya bolti moja, weka waya wa kudumu wenye kichwa cha kubana, paka grisi juu. Ni kazi ya dakika chache, na bado kuna watu waliouziwa geji na senda zote mbili kwa ajili yake.

Kwenye magari yaliyolala shambani miaka mingi, ongeza mshukiwa mwingine: panya. Hupenda waya unaopita chini ya zulia na kando ya kizingiti cha mlango. Usifunue gari lote kufuata waya uliokatika. Pitisha waya mpya wa unene uleule kwa njia ileile, ule wa zamani uuache umekufa.

Kuna pia boya lililotoboka. Geji na umeme vyote vinafanya kazi, lakini boya limejaa petroli na kuzama, nayo senda inaripoti kwa uaminifu kwamba liko chini. Hilo halionekani mpaka utoe senda.

Mshale umeganda kwenye kujaa

Kwa geji ya joto, waya wa senda unagusa bodi mahali fulani. Chomoa kule tangini. Ukibaki juu, waya umechubuka kati ya dashibodi na tangi, kwa kawaida pale unapopita kwenye tundu la bati ambalo mpira wake umekauka na kuanguka. Ukishuka, waya ni mzima na kosa liko ndani ya senda: mkono umekwama juu, au kidole kimepinda na kugusa kasha. Kwa geji ya sumaku geuza maelezo: kujaa kwa kudumu ni dalili ya waya uliokatika au erthi iliyopotea.

Petroli na joto la injini vyote vimepanda pamoja

Hili linastahili nafasi kubwa kwa sababu huogopesha. Unapanda kutoka Nakuru kwenda Mau Summit, malori yamejipanga mbele yako, na ghafla unaona geji ya joto la injini imefika kwenye nyekundu. Unasimama kando, moyo unadunda. Tazama geji ya pili kabla ya kugusa chochote. Petroli nayo ikiwa imepanda na kupita kujaa, ilhali unajua una nusu tangi, injini yako huenda haichemki hata kidogo. Usifungue radieta. Ngoja, sikiliza kama maji yanatokota, nusa, pitisha mkono karibu na mpira wa juu bila kuushika. Kama hakuna dalili ya moto usio wa kawaida, mkosaji ni stabilaiza.

Kazi yake ni kuzipa geji zote mbili umeme usioyumba. Betri ikiwa imetulia ina volti 12 na ushei, alteneta ikichaji zinafika 14, na geji ya aina ya joto, iwe ya petroli au ya injini, ingefuata kila badiliko kama isingelindwa. Stabilaiza ya Smiths, kampuni ya Uingereza ya kutengeneza geji, hukata na kuunga umeme haraka haraka ili wastani uwe kama volti 10. Midomo yake ikishikana, au kasha lake likipoteza erthi, inaacha kukata. Geji zinapata volti zote, na kwa kuwa joto la waya hukua kwa mraba wa volti, mshale haupandi kidogo, unaruka. Ukiendelea kuendesha hivyo unaweza kuunguza geji zote mbili, na hapo sasa ndipo geji inakufa kweli.

Kinyume chake kipo: stabilaiza ikikatika kabisa, petroli na joto la injini vyote vinalala. Kanuni ni rahisi. Geji mbili zikiugua siku moja, usiende tangini. Nenda kwenye kitu wanachokula pamoja.

Ipime kwa taa ndogo ya testa kwenye mdomo unaopeleka umeme kwenye geji. Ikipepesa, inafanya kazi. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, ama imeshikana ama haina erthi. Kaza skrubu yake na usugue chini yake kabla ya kuihukumu. Ikikaa giza huku upande wa kuingia una umeme, imekufa. Mita ya kidijitali itakuchanganya hapa, nambari zitarukaruka. Kumbuka pia kwamba nyingi za zamani zinapaswa kusimama wima kwa upande ulioandikwa juu, na kuna mafundi wanaoziacha zikining'inia kwa waya nyuma ya dashibodi.

Siku hizi fundi wa redio anaweza kukutengenezea mbadala kwa kipande cha elektroniki cha volti 10 kiitwacho 7810, ndani ya kasha lilelile. Kinafanya kazi vizuri kuliko cha asili. Lakini magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, Land Rover za Series II na IIA za mapema zikiwemo, yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Mwambie mapema, la sivyo kifaa kitaungua siku ya kwanza.

Mshale unacheza

Ukicheza kwa mdundo wa indiketa au kushuka ukiwasha taa za nyuma, erthi ya nyuma inagombaniwa na taa na senda. Ipe senda waya wake. Ukiruka kila gurudumu linapoingia shimoni, plagi ya senda imelegea au kidole hakikandamizi waya vizuri. Mshale wa geji ya sumaku kuyumba kidogo kwenye kona ni kawaida. Petroli inacheza na boya linacheza nayo. Wa geji ya joto haupaswi kufanya hivyo, kwa sababu ni mzito kwa asili.

Unasoma vizuri hadi robo, kisha unaanguka

Huu ni ugonjwa wa wenye kuweka mafuta ya mia tano mia tano. Gari ambalo miaka yote limeishi kati ya tupu na robo lina kidole kilichosugua sehemu ileile ndogo ya waya, huku sehemu ya juu ikibaki mpya. Siku unapojaza tangi kwa safari ya Busia, geji inafanya kazi kwa heshima kuu, kisha ikifika robo inakata au inarukaruka. Msasa hauponyi waya uliolika. Senda mpya, au waya usokotwe upya na mtu mwenye macho na subira.

Nambari si za kweli

Hapa uliza historia. Gari lililopita mikononi mwa watu wengi mara nyingi lina senda ya gari jingine, na senda hazisemi lugha moja. Senda ya Smiths ya geji za joto huwa karibu omu (kipimo cha ukinzani) 240 hadi 260 tangi likiwa tupu, na 20 hadi 30 likijaa. Za VDO, kampuni ya Kijerumani, nyingi ni 10 tupu na 180 kujaa. Za Marekani za GM (General Motors) ni 0 tupu na 90 kujaa, za Ford 73 tupu na 10 kujaa. Ukifunga ya VDO mahali pa Smiths, geji itakuambia umejaa siku utakayokwama. Geji inayosoma kinyume kabisa si mbovu. Imeolewa na senda isiyo yake.

Ukitaka kuijaribu geji peke yake, nunua rezista (vipande vya ukinzani) za wati 1 au zaidi kwenye duka la vifaa vya redio. Kwa geji ya joto ya Smiths, omu 68 mahali pa senda inapaswa kuusimamisha mshale karibu na nusu. Ikifanya hivyo, acha kabisa kuisema vibaya.

Pia usipime mteremkoni. Gari lililoegeshwa kwenye kilima cha Nyang'ori litakupa jibu moja likitazama juu na jingine likitazama chini. Shuka Ahero, kule uwanda wa Kano ni tambarare.

Kutoa senda

Punguza petroli hadi chini ya usawa wa tundu kama senda iko ubavuni mwa tangi. Safisha juu kwa brashi kabla ya kulegeza, la sivyo mchanga wote unaingia tangini na baadaye kwenye kabureta. Weka mita kwenye omu, sogeza mkono taratibu kutoka chini hadi juu. Nambari ziende mfululizo bila kupotea. Zikipotea mahali pamoja tu, huenda ni utandu wa petroli iliyooza. Safisha kwa dawa ya kusafishia kabureta na kifutio laini cha penseli. Msasa unakata waya huo, ni mwembamba kama unywele.

Tikisa boya la shaba karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, limetoboka. Lizamishe kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa mbali na jiko na utazame mapovu yanakotoka. Kulilehemu kunawezekana, ila mpaka petroli yote iwe imetoka na kukauka. Boya lenye mvuke likipata moto linapasuka usoni mwa mtu. Kama linapatikana la kununua, nunua.

Rudisha na gasketi mpya. Silikoni ya kawaida ya dirishani inavimba na kulegea kwenye petroli, usiitumie hata ukiambiwa inatosha. Kabla ya kufunga bati, ongeza lita tano tano mahali pa tambarare, ukiandika mshale ulipo kila mara, na ukunje mkono wa boya kidogo ikiwa tupu haisomi tupu. Kisha jaza hadi juu, zunguka mtaa mara moja, uegeshe na upitishe kidole chini ya senda. Kikitoka kimelowa, fungua tena: gasketi imekaa upande.